Mabega ya Mnara wa Kusini

Daraja lilikuwa limefika usawa wa ghorofa ya kumi na tisa wakati Sechelela Ndahani alipokiona kile kishimo.

Alikuwa ghorofa ya thelathini na nne ya Mnara wa Kusini, amevaa kofia ngumu ya wageni, na aliletwa pale kutazama tu. Siku hiyo minara pacha ya Dodoma ingeunganishwa. Daraja la chuma la tani mia nne lilikuwa likivutwa juu kutoka uwanjani, taratibu, kwa nyaya nane: nne zilitoka Mnara wa Kaskazini, nne Mnara wa Kusini. Kila waya ulivutwa na jeki, na kila jeki ilikaa juu ya kipande kinene cha chuma kilichochomelewa kwenye nguzo ya nje ya mnara. Vipande hivyo mafundi waliviita mabega.

Wageni wengine walikuwa wamejazana upande wa kioo, wakilitazama daraja likija. Sechelela aliinama kwenye bega la kwanza, mahali linapoingia ndani ya ukuta, akapitisha kidole gumba juu ya mshono. Ulikuwa mshono mzuri. Magamba yake yalilaliana sawasawa, kila moja upana ule ule. Aliutambua kama mtu anavyoutambua mwandiko wake, ingawa hakuwahi kuugusa kabla ya asubuhi ile. Kisha, mwisho kabisa wa mshono, kidole kikazama kwenye kishimo kidogo cha ukubwa wa punje ya dengu.

Akavaa miwani. Ndani ya kishimo kulikuwa na mstari mwembamba kama unywele.

"Injinia," aliita. "Simamisha jeki."

Injinia Kalokola, msimamizi mkuu wa mradi, aligeuka akitabasamu. Alikuwa na simu ya upepo mkononi na wageni sita nyuma yake. "Mama Seche, leo wewe ni mgeni. Umeshaanza kutupangia kazi?"

"Mshono huu haukujazwa mwisho wake. Una ufa."

"Mama, kila mshono wa mnara huu umepita kwenye mashine ya ukaguzi. Yote imepata mia kwa mia."

"Mashine inailinganisha na nini?"

Kalokola alishusha simu ya upepo. "Na mishono yako," alisema.

"Basi haiwezi kuuona," alisema Sechelela, akanyanyuka huku ameshika goti. "Simamisha hizo jeki, mwanangu. Tafadhali."

Labda ni ile sauti, au labda ni kwa sababu mama huyu hakuwahi kumwita mwanangu kabla ya siku hiyo. Kalokola aliinua simu ya upepo akatoa amri. Mlio wa jeki ukakatika. Daraja likasimama hewani, baina ya minara miwili, likiyumba kidogo.

* * *

Mnara wa Kaskazini ulijengwa na watu. Ulichukua miaka sita, na Sechelela alichomelea humo tangu msingi hadi paa. Ulipokwisha, ofisi zikajaa: watu elfu mbili na mia tatu walikuwa wakiingia humo kila asubuhi, na hata siku ile ya kupandisha daraja waliingia, kwa sababu michoro ilionyesha hakuna hatari.

Mnara wa Kusini ulichukua miezi kumi na minne. Kampuni ilikuwa imeleta glovu.

Zilikuwa glovu nzito za kijivu zilizofika hadi kwenye kiwiko, zenye misuli midogo ya waya ndani yake na kijicho kwenye kifundo cha mkono. Mtu alizivaa, akaelekeza ncha ya moto mahali pa kuanzia, na kutoka hapo glovu ziliubeba mkono wake. Wengi wa waliozivaa walikuwa wakilima zabibu Hombolo mwaka mmoja tu kabla. Hakuna aliyejua kuchomelea, na wote walichomelea kama Sechelela Ndahani, kwa sababu mikono iliyorekodiwa ndani ya zile glovu ilikuwa yake.

Walimrekodi kwa siku kumi na moja. Kisha Tumsifu, binti aliyekuwa mtaalamu wa glovu, akakaa na kumbukumbu ile na kukata kila mwendo ambao haukuwa ukiweka chuma. Alikata kujikuna. Alikata kupangusa jasho. Na alikata jambo ambalo Sechelela alilifanya mwisho wa kila mshono bila hata kuliwaza: aliinua moto, akangoja chuma kipoteze wekundu wake, akasikiliza, kisha akarudi nyuma upana wa vidole vitatu kujaza kishimo kinachobaki chuma kinapopoa. Katika kumbukumbu jambo lile lilionekana kama mkono unaoning'inia bure, kisha unarudia kazi iliyokwisha.

Siku ya kuonyeshwa kumbukumbu iliyosafishwa, Sechelela aligundua. Aliuliza, "Pale mwisho mbona sirudi?" Mtu mmoja wa kampuni akamjibu kwamba kukiwa na kasoro mashine ya ukaguzi itaishika, bila kusema kwamba mashine hiyo nayo ingelinganisha mishono na kumbukumbu ile ile iliyokatwa. Alikuwa na miaka hamsini na tisa wakati huo, kifua kimeanza kumbana kwa moshi wa miaka mingi, na walikuwa wamemwambia kwamba mikono yake itaendelea kujenga hata yeye atakapokuwa hawezi kupanda ngazi. Alilitaka jambo hilo kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote. Akaweka sahihi.

Miaka miwili alijiambia kwamba mashine imeshika.

* * *

Chumba cha kuongozea kilikuwa palepale ghorofa ya thelathini na nne, chumba kitupu cha zege chenye meza ndefu na skrini. Kalokola aliwaondoa wageni. Waliobaki ni yeye, Sechelela, na Tumsifu, aliyekuwa ameketi mbele ya skrini.

"Bega la nne limeshuka milimita tatu," alisema Tumsifu. "La tatu milimita moja. Halikuwa hivi dakika kumi zilizopita, Injinia. Linaendelea."

"Lishushwe daraja."

"Kila jeki inapolegeza waya inatikisa bega. Nikianza kushusha, la nne litang'oka kwenye mtikisiko wa kwanza au wa pili."

"Na tukiliacha hivi?"

Tumsifu alipiga hesabu, akaifuta, akaipiga tena. "Dakika ishirini na tano. Upepo ukizidi, pungufu ya hapo."

Kalokola alikwenda dirishani. Ng'ambo, mita arobaini tu, Mnara wa Kaskazini ulikuwa umejaa watu. Wengine walikuwa wamesimama kwenye vioo vya ofisi zao wakipiga picha za daraja. Mwanamke mmoja alipunga mkono.

Hakukuwa na haja ya mtu kueleza. Bega la nne likikatika, mengine matatu ya kusini yangefuata, na upande ule wa daraja ungeanguka. Upande wa kaskazini ungebaki umeshikwa na nyaya zake. Tani mia nne zingebembea kama mlango na kupigiza ghorofa za kumi na tisa hadi ishirini na tano za mnara wenye watu.

"Kuwatoa wote kunachukua muda gani?" aliuliza Sechelela.

"Tulifanya zoezi mwezi wa tatu," alisema Kalokola. "Dakika arobaini." Tayari alikuwa ameinua simu, ametoa amri ya kuwatoa, na king'ora cha ng'ambo kilikuwa kimeanza kulia. Alipomaliza, uso wake ulikuwa wa rangi ya majivu. "Mdogo wangu anafanya kazi ghorofa ya ishirini na mbili," alisema, kama mtu anayetaja habari ya hali ya hewa.

Dakika ishirini na tano na dakika arobaini. Wote watatu walikuwa wakitoa ile ile hesabu vichwani.

"Mishono inaweza kujazwa," alisema Sechelela. "Hata mabega yakiwa yamebeba. Nimewahi kufanya hivyo kwenye matangi. Kila bega lina mishono minne. Kila mmoja ujazwe pale mwisho, halafu upitishwe mwingine juu yake. Mtu mmoja kwa mshono, dakika saba zinatosha."

"Wapo kumi na sita nje sasa hivi," alisema Tumsifu haraka. "Wanne kila bega, ndani ya vizimba, na glovu zao, wakingoja kulichomelea daraja likifika. Lakini glovu zitarudia kosa lile lile, mama. Kumbukumbu ndiyo ilivyo." Akasukuma vitufe kando. "Mimi ndiye niliyeikata."

"Achana na kumbukumbu. Nivalishe mimi."

Tumsifu alimtazama, kisha akafungua kabati chini ya meza. Ndani kulikuwa na glovu zile za kwanza, zilizotumika kumrekodi. Ukizivaa, mikono yote iliyo kwenye mtandao ilikufuata wewe. Ziliwahi kutumika mara moja tu, kwa majaribio.

Kalokola alisogea mezani. "Sikilizeni. Wale watu kumi na sita hawajui kitu. Wakijua wamesimama juu ya bega linalokatika, watakunja ngumi mara tatu, glovu zitafunguka, na watapita kwenye ngazi ya nje kabla hatujamaliza kusema. Lazima tutie kufuli."

"Kufuli gani?" aliuliza Sechelela.

Tumsifu ndiye aliyejibu, bila kuinua macho. "Glovu zinaweza kujishika kwenye reli ya kizimba, zisifunguke. Iliwekwa kwa ajili ya upepo, mtu asianguke. Mkono unabaki huru kuchomelea lakini mtu hawezi kutoka. Inahitaji namba ya Injinia na kiganja cha fundi mkuu. Kwenye mtambo bado ni wewe, mama."

"Wabaki pale hawajui kwa nini."

"Wabaki pale wakiokoa watu elfu mbili," alisema Kalokola. "Mama Seche, sikuombi jambo jepesi. Kumi na sita kwa elfu mbili na mia tatu. Na mabega yakishika, hata hao kumi na sita wanashuka salama, hakuna aliyekufa, hakuna anayejua lolote. Wakikimbia nusu yao, tunakosa mikono, na tunapoteza wote. Wewe ndiye umesema mtu mmoja kwa mshono mmoja."

"Nimesema."

"Basi weka kiganja."

Sechelela alikuwa ameshaingiza mkono wa kulia ndani ya glovu. Wa kushoto bado ulikuwa wazi. Kwenye meza, kioo kidogo cha kusomea kiganja kiliwaka kijani, kikingoja.

Alilifikiria, na ni kweli alilifikiria. Baadaye hakukana. Aliona ile hesabu ilivyokaa sawa. Aliona pia kwamba hakuwa mtu wa pembeni katika hesabu hiyo. Miaka miwili nyuma alijua jambo fulani akanyamaza, na kwa kunyamaza kwake watu kumi na sita walikuwa wamesimama pale juu sasa hivi, juu ya mishono yake. Hawakuulizwa mara ya kwanza. Sasa Kalokola alitaka wasiulizwe mara ya pili, na aliyekuwa akiombwa anyamaze ni yeye tena.

"Nipe simu ya upepo," alisema.

"Mama—"

"Injinia, dakika zinakwenda. Nipe simu, au uninyang'anye hii glovu uivae wewe."

Kalokola aliitazama glovu ya mkono wake wa kulia. Kisha akampa.

* * *

"Jamani, nisikilizeni," alisema Sechelela. Kupitia ukuta wa kioo aliwaona wale wa bega la kwanza wakisimama wima ndani ya kizimba. "Mimi ni Sechelela Ndahani. Mikono mliyovaa ni yangu. Mikono hiyo ina kosa, na mimi nililijua. Mwisho wa kila mshono pameachwa kishimo, na sasa pameingia ufa. Bega la nne linakatika. Likikatika, yote manne ya upande huu yatakwenda, na nyie mkiwa juu yake. Tunazo dakika ishirini na mbili. Mnara wa ng'ambo una watu na hawawezi kutoka kwa muda huo."

Upepo ulivuma kwenye simu.

"Nataka kujaza mishono sasa hivi, mikono yangu moja kwa moja. Nawahitaji mniwekee ncha mahali pa kuanzia na msimame imara. Siwezi kuwaahidi kwamba yatashika. Glovu hazitatiwa kufuli. Anayetaka kushuka, ashuke sasa, na hakuna mtu atakayemuuliza."

Kelele zikaanza zote kwa pamoja. Mtu alitukana. Mwanamke mmoja alisema, "Nina mtoto mchanga mimi, nashuka," na Sechelela akamjibu, "Shuka, mama, shuka polepole, shika ngazi vizuri." Kwenye skrini, taa za kijani zilianza kuzimika. Moja, mbili. Kisha nne kwa mpigo: bega la nne lote lilikuwa limebaki tupu. Kisha moja zaidi.

"Saba wameondoka," alisema Tumsifu kwa sauti ya chini. "Wamebaki tisa."

Kalokola alikaa kwenye kiti akashika kichwa.

"Fundi." Ilikuwa sauti nzito, ya utulivu. Nkwabi, mnyapara wa kikosi, alikuwa bega la pili. Alikuwa Msukuma wa miaka thelathini na sita aliyewahi kuendesha trekta kabla ya kuja kwenye glovu, na watu wake walimpenda kwa sababu hakuwahi kuwapigia kelele. "Hapa kwangu tuko watatu. Wawili wanatosha. Mimi navuka kwenda la nne."

"Nitakwenda mimi la nne," alisema Sechelela.

"Mama, huwezi ile ngazi. Na sisi tukose mikono yako kwa sababu umeteleza? Kaa hapo bega la kwanza. Nishafika katikati."

Kwa kweli alikuwa keshafika. Walimwona akipita nje ya kioo, amejipinda dhidi ya upepo, kamba ya usalama ikiburuzika nyuma yake.

* * *

Sechelela alitoka kupitia mlango wa nje wa bega la kwanza, akashusha ngao ya uso, akawasha moto.

Kila alichokifanya, mikono tisa ilikifanya. Aliuhisi uzito wao, mvuto mdogo kwenye vidole, kama kutembea ndani ya maji. Tumsifu alikuwa sikioni mwake.

"Wote wako kwenye alama. Nkwabi bado anatafuta... yuko tayari. Endelea."

Aliteremsha moto ndani ya kishimo, akakiyeyusha hadi chini kabisa mahali ufa unapoanzia, akakijaza. Akainua. "Hapa tunangoja," alisema kwenye kipaza sauti. "Msiondoe mkono. Tazameni wekundu." Akahesabu kwa sauti hadi tano. Kisha akarudi vidole vitatu nyuma na kupita juu ya alipopita. Kwenye mabega mengine, watu wa Hombolo waliinua, wakangoja, wakarudi.

"Wa kwanza umekwisha," alisema. "Sogeeni wa pili."

Dakika ya nane, mabega ya kwanza na ya pili yaliacha kushuka. Dakika ya kumi na mbili, la tatu. Vijana wawili wa bega la tatu walikuwa wakifanya kazi ya wanne, wakikimbia kutoka mshono hadi mshono, na mmoja wao alikuwa akiimba kwa woga, wimbo wa kanisani usio na maneno. Bega la nne lilikuwa na mkono mmoja. Sechelela alikuwa akimaliza mshono mmoja, Nkwabi naye anamaliza mmoja, lakini Nkwabi alikuwa na minne ya kumaliza peke yake, na bega lake ndilo lililoumia kuliko yote.

"Limefika milimita saba," alisema Tumsifu. "Mama, la nne saba."

"Kaskazini?"

Kalokola alijibu kutoka mlangoni. Alikuwa amevaa kamba ya usalama, ingawa hakuwa na mahali pa kwenda nayo. "Zimebaki ghorofa nne. Bado watu wa ishirini na mbili."

Wale wa bega la pili walimaliza, na mmoja wao, kijana mwembamba aitwaye Chilewa, akaomba kuvuka kwenda kumsaidia Nkwabi. Upepo ulikuwa umeshapanda. Alijaribu mara mbili kuushika mwanzo wa ngazi ya nje, na mara zote mbili ukamrudisha kwenye ukuta. Mara ya tatu Nkwabi mwenyewe alimkataza.

"Nimebakiza mmoja," alisema Nkwabi. Alikuwa akihema. "Wa chini. Fundi, nipe mkono wako."

Sechelela alikuwa amemaliza upande wake. Hakukuwa na mshono mwingine mbele yake wa kujaza. Aliweka ncha iliyozimwa moto juu ya chuma kizima na kuanza kuchomelea hewani, taratibu, kwa ajili ya mkono mmoja asiouona.

"Teremka chini zaidi," alisema. "Chini. Hapo hapo. Jaza."

Ilikuwa dakika ya ishirini na saba. Mlio ukatokea, mkali na mfupi, kama ubao unaopasuka. Kioo chote cha ghorofa kikatetemeka.

"Nkwabi, toka," alisema Sechelela. "Inatosha. Fungua utoke."

"Bado wekundu haujaisha."

"Nakuambia toka!"

"Naungoja tu, mama. Halafu narudi."

Alizihisi glovu zake zikivutwa. Hakuwa yeye aliyezisogeza. Vidole vitatu nyuma, polepole, sawasawa kabisa, mkono wa upande wa pili ulikuwa ukirudi peke yake, nao ukiubeba wake.

Kisha ule mvuto ukakatika.

* * *

Bega la nne liling'oka pamoja na kizimba chake. Daraja liliinama, likajipinda, likashikwa na mabega saba yaliyobaki. Pembe yake moja iligonga Mnara wa Kaskazini na kuvunja vioo vya ghorofa ya ishirini na ishirini na moja. Ghorofa hizo zilikuwa tupu. Mtu wa mwisho wa ghorofa ya ishirini na mbili alitoka nje ya mlango mkuu dakika kumi na moja baadaye. Waliobaki juu walitelemka wote. Daraja lenyewe lilishushwa siku iliyofuata, kwa kreni tatu zilizoletwa kutoka Morogoro.

Nkwabi alizikwa Magu, kwao. Sechelela hakwenda kwenye maziko kwa sababu polisi walikuwa wamemzuia asitoke mkoani, lakini mjane alirudi Dodoma baada ya arobaini kuchukua vitu, naye akaenda kumwona. Mjane aliitwa Milembe. Alikuwa anafunga godoro kwa kamba, na alimkaribisha bila kuacha kufunga.

Sechelela alimweleza yote, tangu siku ya kumbukumbu hadi ule mvuto. Hakuruka sahihi yake. Milembe alisikiliza.

"Uliwaambia kabla hawajaanza?"

"Niliwaambia."

"Naye alisikia? Isije ikawa upepo."

"Alisikia. Alinijibu. Aliniambia nisipande ile ngazi."

Milembe alikaza fundo. Alikaa juu ya godoro, mikono mapajani, akatazama mlangoni mahali ambapo viatu vya mtu mkubwa bado vilikuwa vimepangwa. "Watu wa kampuni walikuja hapa," alisema. "Walisema ungewazuia wote pale juu, mume wangu angekuwa hai. Walitaka niyaandike hayo. Ni kweli?"

"Inaweza kuwa kweli."

"Toka nje, mama," alisema Milembe. Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka. "Toka, nikae kidogo."

Tume ilikaa mwezi wa kumi, katika ukumbi wa mikutano uliokuwa ghorofa ya tatu ya Mnara wa Kaskazini. Kupitia dirishani ulionekana Mnara wa Kusini ukifunguliwa kiungo kwa kiungo. Tumsifu alitoa ushahidi wake akilia. Kalokola alitoa wake kwa karatasi, akasoma, na alipofika mahali pa kufuli alisoma pole pole na hakuficha kitu. Wanne kati ya wale saba waliotelemka walikuja pia. Mwanamke mwenye mtoto mchanga alikuja naye mgongoni.

Sechelela aliitwa mwisho. Mwenyekiti wa tume alikuwa mama mwenye sauti ndogo, na alimuuliza maswali kwa saa nzima kuhusu kumbukumbu, sahihi, na ile miaka miwili. Sechelela alijibu yote. Alipoulizwa kwa nini alinyamaza, alisema, "Kwa sababu nilitaka mikono yangu ibaki," na mwandishi wa tume akaomba arudie.

"Swali la mwisho," alisema mwenyekiti. "Mtambo wa kufuli ulikuwepo. Ungeweka kiganja chako, kila mshono ungekuwa na mtu wake. Kwa ujuzi wako, mabega yote manne yangeshika?"

Wakili wa kampuni aliinua kalamu. Katika safu ya tatu alikaa Milembe, amejitanda khanga nyeusi, na Sechelela hakujua kama alikuja kwa ajili ya kampuni au kwa ajili ya nani.

"Nadhani yangeshika," alisema.

"Na Nkwabi angekuwa hai."

"Nadhani angekuwa hai."

"Ukirudishwa pale leo, ukijua hayo?"

Alimtafuta Milembe kwa macho, akampata, akamjibu yeye badala ya mwenyekiti. "Nitawaambia tena," alisema. "Halafu nitangoja nione nani anabaki."

Mwenyekiti aliandika kwa muda mrefu. Watu wa upande wa kampuni walianza kunong'ona. Milembe alisimama, na wengi walidhani anatoka. Alipita kwenye safu, akaenda hadi mbele mahali palipokuwa na kiti kimoja kitupu, nyuma tu ya mgongo wa Sechelela, akakaa.